Jeshi la Korosho na Kanuni ya Mvua

Jeshi la Wekundu liliuawa na bibi yangu, nyuma ya nyumba, mwezi wa kumi na mbili mwaka juzi. Lilikuwa na askari thelathini na wanane na jenerali mmoja. Bibi alilimwaga lote kwenye debe lililotobolewa matundu, akaliweka juu ya moto, na moshi ulipoanza kunukia mimi nilisogea karibu na bakuli langu kama mtu mwenye heshima zake. Nilikula askari wasiopungua kumi na wawili. Jenerali pia nilimla mimi, ingawa wakati ule sikujua cheo chake. Nilichoona ni kwamba korosho ile ilikuwa nene kuliko wenzake na ilikuwa na kaharufu ka rangi ya kucha.

Babu alirudi kutoka shambani, akaingia ndani, akatoka na kopo tupu la biskuti.

"Wekundu wako wapi?"

"Wekundu gani?" Bibi akauliza, anatafuna.

"Waliokuwa humu. Juu ya kabati."

"Zile korosho?"

"Zile si korosho, mama. Lile ni jeshi."

Bibi akamsogezea bakuli. "Basi na wewe kula vita yako kabla haijapoa."

Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa na mguu wa askari. Babu hakucheka. Aliokota ganda moja lililoungua nusu, likiwa bado na alama nyekundu upande mmoja, akalitia mfukoni mwa shati. Ndiyo siku niliyogundua kwamba babu yangu, mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu aliyewahi kuchapa nusu ya kata ya Masaki, Kisarawe, na nusu nyingine wakakimbia, anacheza na vidoli vya askari.

Nieleze vizuri, maana nikieleza haraka mtadhani mzee amechanganyikiwa. Amechanganyikiwa kidogo tu.

Miaka arobaini hivi iliyopita, Babu akiwa mwalimu kijana huku Kisarawe, aliletwa Mwingereza mmoja wa kujitolea kufundisha hesabu. Alikuja na begi moja la nguo na sanduku moja la askari. Askari wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole gumba, nusu wamepakwa rangi nyekundu, nusu bluu, na Mwingereza aliwapaka yeye mwenyewe kwa brashi nyembamba kama kope. Kwao, alisema, watu wazima hukaa mezani Jumapili wakapigana vita. Unapima kwa rula askari wako anatembea inchi ngapi, unarusha dadu kuona kama amepiga au amekosa, na mnabishana kwa adabu mpaka chakula cha jioni. Watu wazima, jamani. Wenye ndevu na pensheni. Mimi nikishika mdoli kidogo tu naambiwa nimeshakua.

Babu alinogewa vibaya sana. Jumapili nyingi baada ya ibada ilikuwa Wekundu wa Mwingereza dhidi ya Bluu wa Babu. Halafu siku moja, katikati ya vita kubwa kuliko zote, zamu ikiwa ya Babu kurusha, gari la kumchukua Mwingereza likafika mlangoni siku mbili kabla ya siku iliyopangwa. Dereva alikuwa na haraka, mto ulikuwa unajaa. Wakagawana majeshi. Mwingereza akachukua Wekundu wake, akamwachia Babu Bluu, wakachora kwenye daftari nani alikuwa amesimama wapi, wakapeana mikono. Vita ikasimama hapohapo.

Bluu bado wapo. Wamebanduka rangi, mmoja hana kichwa, lakini wapo. Wekundu ilibidi watafutiwe badala yao, na huku kwetu kitu kisichokwisha ni korosho. Ukiisimamisha korosho mbichi na ganda lake kwenye tone la nta, inasimama imeinama kidogo mbele, kama askari aliyechoka. Ukiipaka rangi nyekundu ya kucha, mambo yamekamilika. Kila msimu Babu aliandikisha askari wapya na kuwastaafisha waliooza.

Baada ya mauaji yale niliona ni haki nichangie jeshi jipya, kwa kuwa sehemu kubwa ya jeshi la zamani ilipitia tumboni mwangu. Sisi tunakaa Kibaha, nasoma kidato cha tatu. Nikaenda kituo cha Kwa Mathias kwa kijana anayetembeza sinia la vipodozi kwenye mabasi.

"Rangi ya kucha nyekundu, chupa nne."

"Nne? Dada, una vidole vingapi?"

"Thelathini na tisa."

Akanipa bila kuuliza tena. Pale Kwa Mathias wanakutana na watu wa kila namna.

Sasa tuje kwenye kanuni. Zimo kwenye daftari lenye jalada jekundu, kwa mwandiko wa Mwingereza, kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula aliyokuwa akipimia. Babu analishika daftari lile kwa mikono miwili. Mle ndani imeandikwa kwamba birika sharti lipashwe moto kwanza kabla ya kutia majani. Kwamba wakati wa chai vita inasimama, na ni marufuku kuzungumzia vita; zungumzeni hali ya hewa. Kwamba kabla ya kumshambulia jenerali wa mwenzako unasema samahani. Kwamba dadu ikianguka sakafuni haihesabiki, hata ikionyesha sita. Kwamba aliyeshindwa anaosha vikombe vyote. Na juu kabisa, imepigiwa mstari mara mbili: *Hakuna mchezo bila mvua.*

Ndiyo. Kwao Uingereza, Mwingereza alieleza, huu ni mchezo wa siku ya mvua. Hata askari wanajua.

Na Babu akatii. Kwa miaka arobaini. Mtu ambaye kwenye karata anaibia wajukuu zake, ambaye kwenye drafti nikigeuka kupiga chafya tu kete yake inapata cheo, kwenye daftari lile alikuwa kama malaika. Kiangazi, hakuna kucheza. Vuli na masika, mvua ikianza kugonga bati, Babu anaacha hata ugali. Anatandika mezani kitenge cha kijani, chini yake anaweka vitabu vinne vya nyimbo za kanisani ili viwe mlima, na pale bati linapovuja anaweka bakuli. Bakuli ndilo Ziwa. Jeshi lolote haliruhusiwi kupita Ziwani.

Mwenzake wa kucheza kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo alikuwa mzee jirani, muuza mkaa. Yeye alitoka msikitini, Babu alitoka kanisani, wakakutania Ziwani. Mzee wa mkaa ndiye aliyeshika korosho. Ila wale wawili kucheza walicheza mara chache. Walichofanya zaidi ni kusubiri. Kiangazi kizima mzee alikuja saa kumi na mwavuli wake mweusi, anakaa barazani na Babu, wanaangalia juu.

"Lile wingu limekaa vizuri," Babu anasema.

"Lile? Lile limekaa kama ahadi za diwani."

"Subiri."

"Nasubiri. Lakini likinyesha leo, Mwalimu, Bluu wako nitawalaza na viatu."

Halinyeshi. Wanakunywa chai. Anarudi kwake.

Mzee wa mkaa alifariki mwaka jana, kabla ya vuli. Mwavuli ukabaki umetundikwa kwenye msumari barazani kwetu, kwa sababu siku ya mwisho aliusahau na hakuna aliyepata moyo wa kuupeleka. Vuli ile mimi ndiye niliyeshika korosho, nikapigwa mara nne, na Babu hakushangilia hata moja. Alikuwa anasema tu, "Umejitahidi," kama anasahihisha mtihani wa mtoto mgonjwa.

Likizo ya mwezi wa sita mwaka huu nikaenda tena Masaki. Magari mawili na bodaboda moja, mavumbi mpaka kwenye meno. Siku ya tatu simu yangu ikalia ujumbe wa namba ya ajabu. Babu na Mwingereza huwa wanaandikiana kadi kila Krismasi, na kwa kuwa Babu ana simu ya kitochi isiyojua picha ni nini, kwenye kadi ya mwisho alikuwa ameandika namba yangu bila kuniuliza.

Nikamsomea kwa sauti. Mwingereza sasa ni mzee. Mke alishatangulia, nyumba imeuzwa, na Jumapili inayokuja anahamia kwenye chumba kimoja, mahali wanapotunzwa wazee. Hakuna nafasi ya meza. Jeshi lake Jekundu anawapa vijana wa chama cha mchezo pale kwao, ambao, alisema, wana sheria mpya zenye kurasa mia tatu na hawanywi chai. Lakini kabla ya kuwakabidhi anaomba jambo moja: Jumamosi, kwa simu ya video, wamalize ile vita. Yeye amepanga Wekundu walewale mezani, na kwa Bluu ametumia vifungo vya makoti. Zamu ni ya Mwalimu kurusha. Samahani kwa taarifa ya ghafla.

Babu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Soma tena pale pa zamu."

"Zamu ni ya Mwalimu kurusha."

"Anakumbuka," Babu akasema. Akaenda kuchukua daftari. Nilimsikia sebuleni anavuta meza, anaimba wimbo wa maharusi. Halafu wimbo ukakatika. Akatoka barazani, akaangalia juu.

Mwezi wa sita, jamani. Kipupwe. Anga lilikuwa kama sahani iliyooshwa.

"Mwandikie," akasema polepole, "kwamba Jumamosi haitawezekana. Hakuna mvua."

"Babu, jamaa anahama Jumapili!"

"Si jamaa, ni rafiki yangu. Na kanuni ni yake. Siwezi kumvunjia mtu kanuni yake mbele yake."

Nikaandika. Nikaongeza na vichekesho vyangu viwili vitatu kuhusu mzee mkaidi. Jibu lilikuja kwa sauti, nami nikalisikiliza kule nyuma ya banda la kuku, penye mtandao mzuri zaidi. Lilianza na kicheko kirefu, kikageuka kikohozi, kisha sauti ya taratibu yenye Kiswahili cha vitabuni.

Alisema, ee Mungu wangu, bado anaifuata ile? Alisema kanuni ya mvua aliibuni. Alisema mwezi wake wa kwanza Kisarawe, Babu alimkaribisha kila Jumapili, kuanzia ibada inapoisha mpaka giza, na yeye alitaka angalau Jumapili moja afue nguo na alale. Lakini kwao kukataa mwaliko wa mwenyeji ni vigumu mno. Afadhali mtu atunge sheria. Akatunga. Alidhani Babu ataona ni utani. Babu akapiga mstari mara mbili. Basi akanyamaza, na kadiri alivyonyamaza ndivyo ilivyozidi kuwa aibu kusema. "Usimwambie, tafadhali," akasema mwishoni. "Au mwambie, kama ndiyo njia ya kucheza. Wewe utaona. Samahani sana."

Nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa nikashika tumbo. Hebu fikirieni. Mimi niliyesimamishwa darasani mara tatu kwa utani wa hovyohovyo, nimekabidhiwa utani ulioiva kwa miaka arobaini, na uko mkononi mwangu! Mzee mzima amekaa kiangazi arobaini anasubiri mvua kwa sababu kuna mtu alitaka kufua soksi! Ningemwambia Babu, ningecheka wiki nzima, na vita ingechezwa Jumamosi bila shida. Kila mtu angepata chake.

Nikaenda barazani nikiwa nimeshapanga na pozi la kuanzia.

Babu alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Mwavuli wa mzee wa mkaa alikuwa ameushusha msumarini, anaufuta vumbi kwa kitambaa.

"Shikamoo Babu. Nina habari."

"Marahaba. Kaa." Hakuniangalia. "Unajua huyu mzee alikuwa hajui hata kucheza?"

"Nani?"

"Mwenye mwavuli. Miaka ishirini na zaidi, alikuwa hajui kupima inchi. Anaweka rula kinyume. Nilikuwa namwacha."

"Sasa kwa nini alikuwa anakuja?"

"Alikuwa anakuja kusubiri mvua." Akaufungua mwavuli, akaukagua matundu, akaufunga. "Bila ile kanuni ningekuwa namwona msibani na kwenye foleni ya maji tu. Mtu huwezi kwenda kwa mwenzako kila siku kukaa bure, wataanza kusema. Lakini kama mnasubiri mvua, mna kazi." Akanigeukia. "Enhe, habari gani?"

Kwa kweli nilifungua mdomo. Utani ulikuwa hapa, kwenye ulimi, umeshavaa viatu. Nikaumeza. Ulishuka vibaya kama korosho mbichi.

"Nilikuwa nauliza tu," nikasema. "Ile kanuni ya kwanza. Inasema mvua itoke wapi?"

"Unamaanisha nini?"

"Imeandikwa mvua. Haya. Imeandikwa ya Mungu?"

Babu aliniangalia kama anavyoniangalia nikisema nimepata themanini kwenye fizikia. Kisha akainuka, akaleta daftari, akavaa miwani. Akasoma mstari ule. Akausoma tena. Akageuza ukurasa kuona kama nyuma kuna maelezo. Akasogea mwangani.

"Haijasema," akasema.

"Ndiyo hivyo."

"Haijasema kabisa." Uso wake ukaanza kufunguka, na nikaona yule mwizi wa drafti ninayemjua anachungulia. "Bibi yako yuko wapi? Tuna ngazi?"

Bibi tulimpa kesi yetu tukiwa tumesimama wima wote wawili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Maji ya kunywa hamgusi."

"Hatugusi, mama."

"Maji ya kupikia hamgusi. Jumamosi nafua. Mtanyesha maji ya kusuuzia nguo, na yakidondoka chini nakinga kwa beseni, mnayapandisha tena. Maji ya huku ni ya kupangia foleni, siyachezei vita."

Kwa hiyo Jumamosi saa kumi, mvua iliyonyesha Masaki ilikuwa ya sabuni.

Nilipanda juu ya bati na keni ya kumwagilia mchicha. Bibi alisimama chini, mabeseni mawili chini ya ukingo wa bati, anajaza ndoo ananipa kwenye ngazi, mimi namimina, maji yanatiririka, anayakinga, ananirudishia. Nyumba ya Babu haina dari, hivyo keni moja tu sebuleni inasikika kama masika yamepata hasira. Bodaboda mmoja alisimama barabarani.

"Dada, mnaosha bati?"

"Tunanyesha!"

"Aisee," akasema, akawasha pikipiki polepole, kama mtu asiyetaka kuwashtua.

Palepale juu ya Ziwa kuna tundu la zamani la msumari, ndilo linalovuja. Ndoo ikichelewa nalala kifudifudi, naweka jicho. Niliona meza nzima: kitenge cha kijani, mlima wa nyimbo, Bluu, korosho zangu nyekundu zikiwa zimeinama tayari kwa kifo. Vikombe vilikuwa vinne, cha Babu, cha Bibi, changu, na kikombe cha bati cha mzee wa mkaa, ambacho Babu hukiweka mezani bila kusema neno. Simu yangu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la biskuti, na ndani yake uso mrefu wa pinki wenye masikio makubwa.

"Mwalimu," uso ukasema.

"Mwalimu," Babu akasema.

Nikamimina.

"Inanyesha huko?"

"Inanyesha."

"Mwezi wa sita?"

"Hali ya hewa imebadilika sana siku hizi," Babu akasema, uso mkavu kuliko anga.

Mwingereza alisikiliza. Niliona anasogeza sikio kwenye simu yake, tukabaki tunaangalia sikio tu, kubwa, lina nywele. "Nilikuwa nimesahau jinsi bati linavyopiga kelele," akasema. "Huku kwetu leo jua kali. Aibu tupu. Haya, Mwalimu. Zamu yako. Umesubiri vya kutosha."

Wakacheza. Sitawachosha na kila inchi. Walipima, walibishana, walisema samahani kama watu wanaogongana mlangoni. Walisimamisha vita kwa chai, Babu akapasha birika na kumwonyesha birika lenyewe, wakazungumzia hali ya hewa, na mimi juu ya bati, ambaye ndiye nilikuwa hali ya hewa yenyewe, sikupewa hata kikombe. Mikono ilikuwa inaniuma. Blauzi ilikuwa na povu.

Kufikia saa kumi na moja na nusu kila upande ulibakiwa na watu wachache sana. Babu alikuwa amemfikisha askari wake asiye na kichwa mbele ya Jenerali Mwekundu. Akipata tano au sita, Jenerali anaanguka na vita imekwisha, ushindi wa Bluu, baada ya miaka arobaini. Akikosa, Wekundu waliomzunguka wanammaliza na Bluu wameshindwa.

"Samahani, Mwalimu," Babu akasema.

"Bila shaka, Mwalimu."

Nilikuwa nimelala, jicho tunduni, ndoo inakuja. Babu alitikisa dadu, akarusha. Dadu ikagonga kitabu cha nyimbo, ikaruka, ikapita ukingo wa meza, ikaanguka sakafuni karibu na mguu wa kiti. Simu haikuona, simu ilikuwa inaangalia meza. Babu akainama. Akakaa chini kule muda mrefu kuliko mtu anayeokota kitu. Akainuka, akaiweka dadu katikati ya kitenge, mbele ya kamera, kwa kidole kimoja.

"Sita!" akasema.

Jamani, babu yangu.

Nadhani kweli ilikuwa sita kule chini. Hilo ndilo lililokuwa linauma. Usoni alionekana kama mtu aliyeonewa na sakafu. Lakini mimi nilikuwa nimenyesha saa moja na nusu kwa ajili ya kanuni zao. Nilikuwa nimeumeza utani mtamu kuliko yote ya maisha yangu kwa ajili ya daftari lile. Bibi akanipa ndoo. Nikaiweka kando, nikaacha kumimina.

Maji ya mwisho yakatiririka. Kukawa kimya sebuleni, kimya cha kiangazi, kuku wanasikika.

"Mwalimu," Mwingereza akasema, "mvua imekatika."

"Inapumzika."

"Kanuni ya kwanza, Mwalimu. Sijui kama ile sita ilirushwa kabla au baada."

Babu akainua uso. Akaangalia moja kwa moja kwenye tundu. Tukaangaliana jicho kwa jicho, yeye chini na miwani, mimi juu na povu la sabuni kwenye nyusi. Sikupepesa. Tone moja likanitoka kwenye pua likaanguka Ziwani, *top*.

Babu akakohoa.

"Kuna jambo dogo limejitokeza," akasema kwa sauti yake ya mkutano wa wazazi. "Kuna uwezekano dadu iligusa sakafu."

"Uwezekano mkubwa?"

"Iligusa. Narusha tena. Samahani."

Nikashika keni, nikanyesha kwa nguvu zangu zote. Chini ya kelele ile sikusikia dadu. Nilipoweka jicho tena, Babu alikuwa anaiangalia tu. Ilikuwa mbili.

Mwingereza alirusha zamu yake, akamlaza askari asiye na kichwa kwa kidole, kule kwake kifungo, huku kwetu Babu akamlaza mwenyewe. Keni ikaisha.

"Samahani sana, Mwalimu," Mwingereza akasema.

"Samahani ya nini, umeshinda."

"Ndiyo maana."

Wakaanza kucheka wote wawili, kicheko cha wazee, kinachoanza kama ugomvi. Mwingereza alijifuta macho kwa leso akasema kesho atawaambia wale vijana wa chama kwamba Wekundu hawajawahi kushindwa Kisarawe, na kwamba wakitaka kuwatumia sharti wapashe birika kwanza. Babu akasema korosho zake ni watu wa kazi, na zaidi ya hapo, zinalika.

Nilishuka ngazi nikiwa nimelowa mpaka soksi. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anamwangalia mumewe.

"Mzee. Aliyeshindwa anafanya nini?"

Babu akaangalia vikombe. Nina miaka kumi na sita, sijawahi kumwona mtu yule akiosha hata kijiko. Akavikusanya kimyakimya kwenye beseni. Akainua ndoo. Tupu. Akainua ya pili. Tupu. Yote tulikuwa tumeyanyesha, na kilichobaki kwenye mabeseni kilikuwa povu na mavumbi ya batini.

"Ya kunywa hugusi," Bibi akasema.

Ndipo mwalimu mkuu mstaafu akashika ndoo, akatoka kwenda bombani, saa ambayo kijiji kizima kiko kwenye foleni. Tulimsikia tangu mbali.

"Shikamoo Mwalimu! Leo wewe mwenyewe? Mama anaumwa?"

"Marahaba. Haumwi. Nimeshindwa vita."

Simu bado ilikuwa imeegemea kwenye kopo. Nikainama nikamsalimia Mwingereza, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Na mvua?"

"Haikuandikwa itoke wapi."

Akatikisa kichwa polepole, akasema asante kwa mvua, nikamwambia aje na ndoo yake siku nyingine. Kisha mtandao ukamkata, na si kwa sababu ya utani wangu.

Babu alirudi na ndoo nusu, nusu nyingine ameimwaga kwenye suruali. Akakaa kwenye kigoda nje, akaosha vikombe vile vinne kimoja kimoja, akipinda mdomo kama anasahihisha madaftari. Cha bati, cha mzee wa mkaa, ambacho hakikuwa kimenywewa na mtu, alikiosha mara mbili. Nilikuwa na la kusema. Siku zote ninalo. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta.

"Wewe," akaniambia bila kuinua uso, "ulichungulia."

"Nilikuwa nanyesha, Babu. Nilikuwa na kazi."

Akaukung'uta mwavuli uliokuwa pembeni yake, akaurudisha kwenye msumari, akaangalia juu. Hapakuwa na hata kiwingu.

"Vuli," akasema, "utashika Bluu. Mimi nitashika korosho. Na usizile."